Koo la Kuazima

Mara ya kwanza mama alinyimwa viza kwa kosa la kumwita mwanawe baba.

Ndivyo barua ilivyosema, kwa ile adabu ya maofisi ambayo humsindikiza mtu mpaka mlangoni ili imfungie vizuri: mwombaji amemtaja mwenyeji wake kuwa ni baba yake, ilhali nyaraka zinaonyesha kuwa ni mwanawe wa kumzaa; Mizani imebaini udanganyifu; ombi limefungwa. Tupokigwe aliisoma akiwa amesimama barazani kwao Tukuyu, mvua ikiponda bati. Kwanza alicheka. Halafu akakumbuka kwamba kaka yake hakuwa na muda mwingi wa kusubiri, na kicheko kikamkauka.

Pale kwao hata mtoto wa chekechea angeweza kuieleza sababu hiyo Mizani, mashine yao ya kupima ukweli. Kaka yake alipewa jina la babu mzaa baba, Angolwisye, na mwanamke aliyeolewa kwa kina Mwasandube halitamki jina la baba mkwe wake, mkwe awe hai au awe chini ya udongo. Kwa hiyo mama, tangu siku alipowekewa kile kichanga kifuani, alimwita Tata, yaani baba, na kwa miaka arobaini na minne hakumwita vingine. Majirani nao walikuwa na utu. Mahali pengine mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Yeye walimwita Mama Tupo, kwa jina la huyu wa pili, wasije wakamtia majaribuni kila wakimsalimia. Kijiji kizima kilibeba mwiko wake pamoja naye. Mizani ndiyo haikuambiwa.

Wiki tatu baadaye Tupokigwe alifungua kasha dogo kwenye meza ya chai. Ndani mlikuwa na kanda mbili za kijivu, laini, kila moja upana wa vidole viwili.

"Safari hii utavaa hiki shingoni, Mama."

Mama alikigusa kwa ncha ya kidole. "Cha kufungia mbwa?"

"Ni koo la kuazima. Ndilo wanalotumia sasa kwa wasiojua Kiingereza."

Zamani, kabla Tupokigwe hajazaliwa, asiyejua Kiingereza alipewa mkalimani. Wakubwa wa nchi ile wakawachoka wakalimani; wakasema wanaongeza chumvi na kupunguza pilipili. Walichotaka ni sauti itoke kooni mwa mwombaji mwenyewe, ili Mizani ipime mapigo yake ya moyo, jasho lake na joto la damu yake palepale neno linapozaliwa. Ndipo zikaja hizi kanda. Moja huvaa mzazi, nyingine huvaa mtoto wake wa kumzaa, kwa kuwa makoo ya damu moja hupatana. Mzazi husema kwa lugha yake. Mtoto hutafsiri kimyakimya, mdomo umefungwa, ulimi tu ukicheza ndani. Na Kiingereza hutoka kooni mwa mzazi, kwa sauti ya mzazi, pamoja na kikohozi chake. Mahali pamoja tu mtoto alitakiwa kunyamaza kabisa, napo ni kwenye jina la mwenyeji. Hilo mzazi alitaje mwenyewe. Ukanda haukuwa na uwezo wa kutofautisha neno la mzazi na neno la mtoto. Mambo yaliachiwa uaminifu wa mtoto, sahihi yake, na kifungo cha miaka mitano kwa atakayetia kooni mwa mzazi neno ambalo mzazi hakulisema.

Walivaa, wakajaribu. Tupokigwe alichezesha ulimi, na kooni mwa mama ikatoka salamu ya Kiingereza iliyonyooka kama ya mtangazaji. Mama alijishika shingo kwa mikono miwili.

"Toa! Kuna mtu humu!"

"Ni mimi, Mama."

"Mwalimu wa Kiingereza kanihamia shingoni," mama alisema, kisha akacheka hadi akajipangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Haya, niambie, na chai anakunywa yeye au nakunywa mimi?"

Kaka yake Tupokigwe alitokea ukutani jioni ile, kwenye kile kioo cha simu kilichowekwa kati ya kalenda ya kanisa la Moravian na picha ya marehemu baba. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika mji wa baridi ambao mama hakuwahi kuweza kuutamka. Ini lilikuwa limemgeuza rangi. Macho yake yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai. Aliwasalimu, akamsikiliza dada yake akieleza habari ya jina, akatabasamu kwa taabu.

"Mama, litaje tu. Jina ni langu, na mimi nakuruhusu."

"Si lako, Tata. Umepewa ulitunze. Mwenyewe yupo."

"Mwenyewe alikufa kabla sijazaliwa."

"Ndiyo maana nakwambia yupo." Mama alikisogelea kioo mpaka pua ikakaribia kugusa. "Bibi aliyenifunda aliniambia hivi. Mke akilitaja jina la mkwe, mkwe hamjii yeye. Humfuata yule aliyelibeba. Na wewe huko ulikolala, hata mbu akikuuma unaweza kuondoka. Mimi ndiye nije nikumalize kwa kinywa changu?"

Baadaye, mama alipotoka kwenda kumtazama ng'ombe wake, kaka alimwambia Tupokigwe kwa sauti ya chini, "Tupo, daktari anasema mwisho wa mwaka nafika. Ila sitaki kufika tu. Nataka Mama aje anishike kichwa. Fanya unavyojua." Tupokigwe alimjibu kwamba atafanya, na wakati huo hakujua alikuwa akiahidi nini.

*

Jengo la mahojiano kule Mbeya lilikuwa jeupe ndani na nje, kama hospitali isiyotibu mtu. Mama alikwenda na kitenge chake cha kanisani na viatu vilivyombana. Waliketi bega kwa bega, kanda shingoni. Ng'ambo ya kioo aliketi ofisa kijana aliyejitambulisha kwa jina la Renske, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri, na ukutani juu ya kichwa chake ulikuwapo mstari mweupe wa mwanga, umelala sawasawa. Ule mstari ndio Mizani. Ukitulia, umesema kweli. Ukipinda, rudi kwenu.

Bi Renske aliwasomea sheria, miaka mitano ikiwemo, akamtaka Tupokigwe amfafanulie mama kwa Kiswahili. Mama aliitikia kwa kichwa. Alielewa vizuri sana, na hilo msomaji alishike.

"Kwa nini unataka kusafiri?"

"Mwanangu anaumwa," mama alisema. "Ini limechoka. Mgonjwa wa ini humwachii watu wampe supu ya kopo. Nakwenda kumpikia ndizi, nimwogeshe, nimwimbie. Basi."

Ulimi wa Tupokigwe ukacheza, na koo la mama likayasema yote hayo kwa Kiingereza cha darasani, chenye nukta na mkato. Mstari haukupinda hata chembe.

"Una nini cha kukurudisha nyumbani?"

Mama alimtazama yule binti kana kwamba ameulizwa kwa nini mvua hunyesha. "Nina ng'ombe wawili, mmoja ana mimba. Nina kaburi la mume wangu linataka kupaliliwa. Na kwaya ya kina mama bila mimi sauti ya tatu haipo. Nibaki kwao nifanye nini? Huko kuna baridi, Tata kaniambia mwenyewe."

Tupokigwe alitafsiri yote, ila alipofika kwa Tata akasema "mwanangu". Lilikuwa dogo, na lilikuwa kweli. Mstari ukabaki umelala. Ndivyo shetani anavyoanza, kwa kukopesha vitu vidogo. Maana tangu dakika ile Tupokigwe alijua kwa hakika kwamba mlango ule hauna komeo.

Bi Renske alikuwa ameanza kutabasamu. Akamnyooshea Tupokigwe kidole. "Sasa mdhamini anyamaze. Mama, taja jina kamili la mwenyeji wako."

Tupokigwe alimnong'oneza mama swali. Mama aliweka mikono mapajani, akavuta pumzi kama anayetaka kuanza wimbo.

"Mwambie ni mwanangu wa kwanza. Mwambie alitoka kwa miguu, siku mbili nikiwa sakafuni, mkunga akakata tamaa. Mwambie ana kovu chini ya kidevu, alianguka kwenye mti wa mpera akiwa na miaka saba. Anapenda ukoko wa wali. Akilala husaga meno. Mwambie nani mwingine anamjua hivyo? Mwambie, Tupo."

Tupokigwe aliyatafsiri, kila moja, maana jina halikuwamo, na mstari ukatulia kwa kila moja. Bi Renske alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, taratibu, "Nahitaji jina."

Tupokigwe aliinua mkono. "Tafadhali, niruhusu nieleze. Kuna mila yetu..."

"Mdhamini haruhusiwi kusema lake." Bi Renske aliangalia nyuma yake, kana kwamba ukuta una masikio, na kwa kweli ulikuwa nayo. "Samahani. Mashine hainipi pa kuandika mila. Nikisikia jina ndani ya dakika moja, naendelea. Nisiposikia, faili linajifunga lenyewe, na likijifunga mara ya pili halifunguliwi tena. Si mimi."

Namba sitini ikawaka kwenye kioo, ikawa hamsini na tisa.

Chini ya meza mama aliutafuta mkono wa binti yake, akaubana. Alijua. Mzazi humjua aliyemzaa hata kwa namna anavyomeza mate. Akamnong'oneza: "Tupo, usilitaje. Nakuomba kwa maziwa yangu. Tusipopata, basi, tumekosa. Tata nitamkuta mbinguni. Akifa, afe kwa ugonjwa wake, asife kwa koo langu."

Arobaini na moja.

Ni rahisi kwetu sisi tulioketi mbali kusema angefanya hivi, angefanya vile. Tupokigwe alikuwa amesoma. Aliamini kwamba ini huoza kwa sababu za ini, na kwamba babu aliyekufa nusu karne iliyopita hana njia ya kumfikia mtu hospitalini. Kwa upande mmoja alimwona kaka yake peke yake kitandani, anageuza kichwa kila mlango unapofunguka. Kwa upande mwingine alikuwa ameshikwa mkono na mwanamke mzee mwenye kitu kimoja tu duniani ambacho hakuna mtu aliyewahi kumlazimisha akiache. Alijisemea kwamba mama atalia siku moja, kisha ataingia kwenye ndege. Alijisemea kwamba akishamshika mwanawe kichwa atasamehe. Alijisemea pia, na hili lilimuuma zaidi kwa kuwa lilikuwa la kijinga, kwamba yeye ni mjukuu, na mjukuu hulitaja jina la babu yake bila kosa, kwa hiyo pengine hakuna mwiko wowote uliovunjika.

Kumi na nne. Kumi na tatu.

Meno yamebanwa, midomo imefungwa, Tupokigwe aliupinda ulimi.

"Angolwisye Mwasandube," likasema koo la mama.

Mama hakupiga kelele. Kichwa kilimwanguka mbele kama aliyepigwa kisogoni, na mkono wake ukauachia mkono wa binti yake. Ukutani mstari uliruka hadi karibu na dari, ukatetemeka huko juu, ukashuka polepole. Bi Renske alisoma kilichoandikwa mbele yake: jina ni la kweli, uhusiano umethibitishwa, hisia ni kali mno. Akajigusa kona ya jicho.

"Ni wazi mama anampenda sana mwanawe," alisema.

Likabaki swali moja, la kufunga. Sheria ilitaka kanda zivuliwe, na mwombaji ajibu kwa koo lake tupu. Bi Renske aliuliza kama maneno yote yaliyotoka kooni mwa mama siku ile yalikuwa ya mama mwenyewe. Tupokigwe alilazimika kulitafsiri swali hilo.

Mama alimgeukia, akamtazama. Hakukuwa na hasira usoni pake. Alimtazama kama anavyomtazama ng'ombe mgonjwa, akipima kama anaweza kusimama. Kisha akamgeukia ofisa na kujibu mwenyewe, kwa Kiingereza chake kile kidogo cha shule ya Jumapili: ndiyo, yangu, yote.

Mstari ulilala kimya. Walioiunda Mizani walikuwa wamefikiria matapeli wa kila aina, lakini hawakuwa wamefikiria kwamba mama anayemfunika mtoto wake hatetemeki.

Viza ikatoka ya miaka kumi. Nje, kwenye maegesho, mama alifungua chupa ya maji, akasukutua kinywa mara tatu na kutema kwenye majani. Tupokigwe alisimama pembeni.

"Mama..."

"Twende," mama alisema. "Mvua inakuja."

*

Ndege ilikuwa baada ya siku tisa. Kaka yake Tupokigwe alifariki siku ya sita.

Daktari alieleza vizuri, kwa subira, mbele ya kioo. Mishipa ya koo la chakula ilipasuka ghafla, damu ikamwagika ndani, hutokea kwa wagonjwa wa ini hata wale waliokuwa wakiendelea vema, hakuna ambaye angeweza kujua. Tupokigwe aliuliza maswali yote ambayo mtu aliyesoma huuliza, na akajibiwa yote. Kisha akaketi sakafuni, akaona kwamba ana maelezo kamili na hana hata moja la kumpelekea mama yake.

Mama hakuuliza sababu. Alikunja nguo za safari moja moja, akazirudisha kabatini.

Mwili ulirudi Tukuyu. Mtu aliyekuwa haruhusiwi kuonana na mama yake bila karatasi alivushwa mipaka mitatu ndani ya siku mbili, na hakuna aliyemuuliza swali. Wakaja watu, kina mama wakatandika mikeka sebuleni, kina baba wakakaa uani kwenye mabenchi ya kanisa. Asubuhi ya maziko, kabla mchungaji hajafika, mama aliinuka katikati ya mikeka.

"Nina neno kwa mawifi zangu," alisema. "Jina la baba mkwe nimelitaja. Nililitaja kule Mbeya, mbele ya watu wa viza, ili nipite. Nasema kwa sababu ukoo huu una mtoto mwingine mwenye jina hilo, kule Ipinda, kwa shemeji. Mmwangalie mtoto."

Vilio vilikatika. Shangazi Twitike, dada mkubwa wa marehemu baba, mwanamke mrefu aliyeheshimiwa hata na mchungaji, alisimama polepole.

"Ulilitaja wewe? Kwa kinywa chako?"

"Kwa koo langu."

"Si yeye!" Tupokigwe alikuwa amesimama bila kujua amesimamaje. Sebule nzima ilimgeukia, na madirishani wakachungulia wanaume, balozi wa nyumba kumi, mtu wa serikali, akiwa mmoja wao. "Shangazi, ni mimi. Tulivaa zile kanda. Mama alikataa, alinisihi, mimi nikalisema ndani kwa ndani likatokea kwake. Mama hana kosa. Mimi ni mjukuu, kwangu si mwiko. Nililisema mimi!"

Shangazi Twitike hakuwa mjinga. Alilifikiria jambo hilo kwa haki, kama alivyozoea kufikiria migogoro ya mashamba.

"Waliolisikia waliisikia sauti ya nani?"

"Ya Mama, lakini..."

"Na huko, walimuuliza mwenyewe kama maneno ni yake?"

Mama ndiye aliyejibu.

"Waliniuliza. Nikasema ni yangu." Aligeuza uso kuelekea dirishani, mahali aliposimama balozi, akainua sauti ili na wa nje wasikie. "Huyu mtoto kachanganyikiwa na msiba, msimsikilize. Anataka kunibebea. Kule ndani alifuata sheria, alinyamaza kama walivyomwambia. Miaka mitano si mchezo, na ana watoto wawili. Nililitaja mimi."

"Mama, acha!"

"Kaa chini, Tupo. Watu wanataka kuzika."

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa utaratibu, bila ukali wowote, na huo utaratibu ndio uliomvunja Tupokigwe. Mwanamke aliyelitaja jina la mkwe hakai na wafiwa mpaka atakapotakaswa, wala haendi kaburini kwa aliyelibeba jina. Shangazi Twitike alimshika wifi yake mkono kwa upole, akampeleka jikoni nyuma ya nyumba, akamtandikia mkeka wake peke yake karibu na mafiga, akamwachia kikombe cha uji. Mama hakubisha. Aliuliza tu kama Tata amevalishwa soksi, maana miguu yake ilikuwa haivumilii baridi. Wakamwambia amevalishwa.

Jeneza lilishushwa saa saba mchana, chini ya manyunyu. Mchungaji alipomaliza, akaita mama mzazi aje atupe udongo wa kwanza. Watu wakatazamana. Shangazi Twitike akamnong'oneza mchungaji jambo, kisha akainama, akachota udongo uliolowa, akaja nao mpaka kwa Tupokigwe na kumfungua vidole kimoja kimoja.

"Tupa wewe," alisema, "kwa niaba ya mama yako."

Tupokigwe alisogea kwenye ukingo wa kaburi, akautupa.